Kichezeo, kifaa cha kujifunzia au kiokozi? Jinsi forodha inavyoainisha vifaa vya watoto vya kuogelea

TYUBU ya plastiki yenye kichwa cha bata, mifuko ya hewa ya kuvalishwa mikononi na jaketi la kuokolea maisha huweza kupangwa kwenye rafu moja dukani na kuitwa kwa jina moja: maboya. Katika forodha, hivyo ni vitu vitatu tofauti. Kila kimoja kina namba yake, na namba hiyo ndiyo huamua kiwango cha ushuru atakachotozwa mwagizaji.

Suala hili linawagusa wakazi wa Spring Valley, mtaa ulio kando ya barabara za Lower Kabete na Peponi, magharibi mwa Nairobi. Nyumba kadhaa za mtaa huo zina vidimbwi vya kuogelea uani, na watoto wanaoanza kuogelea huhitaji vifaa vya kuwasaidia kuelea. Mahitaji hayo hutimizwa na maduka ya Westlands, wafanyabiashara wadogo wanaouza kupitia mtandao, na wazazi wenyewe wanaonunua moja kwa moja kutoka ng'ambo. Kila anayeagiza, akijua asijue, ameingia katika taaluma ya uainishaji wa bidhaa.

Taaluma hiyo huonekana kavu, na wengi humwachia wakala wa forodha. Hata hivyo, swali ambalo ofisa wa forodha hulazimika kuliuliza ndilo lile ambalo mzazi angefaa kuliuliza kabla mtoto hajaingia majini: je, kifaa hiki kimetengenezwa kwa ajili ya kuchezea, kwa ajili ya kujifunzia kuogelea, au kwa ajili ya kuokoa maisha?

Namba hutoka wapi

Msingi wa uainishaji ni Mfumo Linganifu wa kueleza bidhaa na kuzipa namba, ambao kwa kifupi hujulikana kama HS. Mkataba wake ulipitishwa jijini Brussels, Ubelgiji, mnamo Juni 14, 1983 na kuanza kutumika Januari 1, 1988. Husimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ambalo huufanyia marekebisho takriban kila miaka mitano ili uendane na bidhaa mpya zinazoingia sokoni.

Mfumo huo una sura 97, ingawa Sura ya 77 imeachwa tupu kwa matumizi ya baadaye. Tarakimu mbili za kwanza za namba ya bidhaa huonyesha sura, nne za kwanza huonyesha kifungu, na sita huonyesha kifungu kidogo. Tarakimu hizo sita ni sawa katika nchi zote zinazoufuata mfumo huo, na kila nchi au jumuiya huruhusiwa kuongeza zake baada ya hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia tarakimu nane.

Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini mjini Arusha mnamo Machi 2, 2004 na marais Mwai Kibaki wa Kenya, Benjamin Mkapa wa Tanzania na Yoweri Museveni wa Uganda. Ilianza kutekelezwa Januari 1, 2005. Rwanda na Burundi ziliingia katika umoja huo mwaka wa 2009.

Kupitia itifaki hiyo, nchi wanachama zilikubaliana kutoza ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya. Mwanzoni viwango vikuu vilikuwa vitatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Kiwango cha nne, cha asilimia 35, kilianza kutumika Julai 2022 kwa baadhi ya bidhaa zinazoweza kutengenezwa kwa wingi humu Afrika Mashariki.

Nchini Kenya, kazi ya kukusanya ushuru huo ni ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, iliyoanzishwa mwaka wa 1995 na yenye makao makuu katika jumba la Times Tower jijini Nairobi. Sheria inayoiongoza katika mambo ya forodha ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004.

Kanuni sita za kufasiri

Mwagizaji hana uhuru wa kuchagua namba inayompendeza, wala ofisa wa forodha hana uhuru wa kuchagua ile yenye ushuru mkubwa zaidi. Wote wawili hufungwa na kanuni sita za jumla za kufasiri mfumo huo.

Kanuni ya kwanza ndiyo iliyo na uzito mkubwa. Inaeleza kwamba majina ya sehemu na sura ni ya kumrahisishia msomaji utafutaji tu. Kisheria, bidhaa huainishwa kwa kufuata maneno ya vifungu vyenyewe pamoja na maelezo yanayotangulia sehemu na sura. Kanuni ya pili huhusu bidhaa zisizokamilika, zilizokuja vipande vipande au zilizochanganywa.

Kanuni ya tatu hutumika pale ambapo bidhaa moja inaonekana kuingia katika vifungu viwili au zaidi. Kwanza, kifungu kinachoieleza bidhaa kwa umahususi zaidi hushinda kile kinachoieleza kwa jumla. Hilo lisipotosha, hutazamwa kitu kinachoipa bidhaa sifa yake kuu. Hilo nalo likishindikana, huchukuliwa kifungu kilicho cha mwisho kwa mpangilio wa namba.

Kanuni ya nne huipeleka bidhaa isiyo na mahali kwenye kifungu cha bidhaa inayofanana nayo zaidi. Ya tano hushughulikia mikoba na vifungashio, na ya sita huendeleza mantiki hiyo hiyo hadi ngazi ya vifungu vidogo.

Pamoja na kanuni hizo, Shirika la Forodha Duniani huchapisha maelezo ya ufafanuzi kwa kila kifungu. Maelezo hayo si sheria kwa maana kamili, lakini maofisa na mahakama nyingi duniani huyapa uzito mkubwa.

Kundi la kwanza: vya kuchezea

Sura ya 95 ndiyo ya vichezeo, michezo na vifaa vya spoti. Ndani yake, kifungu 95.03 hubeba baiskeli za magurudumu matatu za watoto, wanasesere, mafumbo ya kupanga na vichezeo vingine. Kabla ya mwaka wa 2007 vitu hivyo vilitawanyika katika vifungu vitatu, 95.01, 95.02 na 95.03, lakini marekebisho ya mwaka huo yaliviunganisha kuwa kimoja.

Hapa ndipo zinapoangukia tyubu za kujazwa hewa na wanyama wa plastiki wa kuelea, yaani bata, mamba na nyangumi wanaoonekana katika vidimbwi vingi vya Nairobi wakati wa likizo. Vitu hivi vimebuniwa ili mtoto acheze majini. Kuelea kwake ni sehemu ya mchezo. Havikubuniwa kumfundisha mtoto kuogelea, sembuse kumwokoa.

Ni muhimu kutambua kwamba vitu hivyo haviwekwi katika Sura ya 39, ambayo ni ya plastiki, ingawa vyote vimetengenezwa kwa plastiki. Maelezo ya Sura ya 39 yenyewe yanaviondoa humo vitu vyote vya Sura ya 95. Maelezo ya Sura ya 40, ya mpira, nayo yanaviondoa vitu hivyo, isipokuwa vichache vilivyotajwa. Kwa hiyo mwainishaji hutakiwa kuuliza kwanza kama kifaa ni kichezeo au kifaa cha spoti. Swali la kimetengenezwa kwa nini huja baadaye.

Kundi la pili: vya kujifunzia

Kifungu 95.06 hubeba vifaa vya mazoezi ya mwili, riadha na michezo mingine. Kifungu kidogo 9506.29 kinataja vifaa vya michezo ya majini ambavyo si mbao za kuteleza zenye tanga, na humo huingia mapezi ya kuvaa miguuni na mirija ya kupumulia chini ya maji.

Mifuko ya hewa ya mikononi, mikanda ya sponji ya kiunoni na vibao vya povu vya kushika wakati wa kupiga miguu vina hoja nzuri ya kuwekwa hapa. Kazi yake ni kumpunguzia mwanafunzi uzito majini ili ajifunze mkao na mwendo. Maelezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu jedwali lake la ushuru yanafuata mkondo huo: tyubu za kuchezea hubaki katika 95.03, ilhali mifuko ya mikononi na mikanda ya kumsaidia anayejifunza kuogelea hupelekwa 95.06.

Maelezo hayo ya Ulaya hayaifungi Kenya. Hata hivyo, kwa kuwa tarakimu sita za kwanza ni za pamoja, yanaweza kutumiwa na mwagizaji kama hoja ya ushawishi anapojieleza mbele ya KRA.

Umoja wa Ulaya ulifuata mgawanyo kama huo pia katika sheria ya usalama. Agizo lake la mwaka 2009 kuhusu usalama wa vichezeo liliviorodhesha vifaa vya kujifunzia kuogelea, vikiwemo viti vya kuelea, miongoni mwa vitu ambavyo havihesabiwi kuwa vichezeo. Kichezeo cha majini, kwa mujibu wa agizo hilo, ni kile kilichokusudiwa kutumiwa katika maji ya kina kifupi.

Kundi la tatu: vya kuokoa maisha

Jaketi la kuokolea maisha si kichezeo wala si kifaa cha spoti. Limeundwa kumweka mtu juu ya maji hata akiwa amechoka au amepoteza fahamu. Kwa sababu hiyo huondoka katika Sura ya 95 na kuainishwa kwa kutazama kilichotumiwa kulitengenezea.

Jaketi lenye kitambaa nje na povu ndani huwa na mahali pake palipotajwa wazi: kifungu kidogo 6307.20, ambacho ni cha majaketi na mikanda ya kuokolea maisha iliyotengenezwa kwa nguo. Kiokozi cha mpira wa kujazwa hewa huweza kuingia 4016.95, na cha plastiki 3926.90.

Kuandikwa kwa neno «okoa» kwenye pakiti hakutoshi kukihamisha kifaa hadi kundi hili. Ofisa hutazama umbo, uwezo wa kuelea, mikanda ya kufungia, sehemu ya kushikilia kichwa, maandishi ya onyo na kiwango cha ubora ambacho mtengenezaji anadai kukitimiza. Jaketi la mtoto ambalo onyo lake linasema si la kuokolea maisha limejitoa lenyewe katika kundi la tatu.

Vifaa vilivyo mpakani

Ugumu hujitokeza kwa vifaa vinavyoshika sifa za makundi mawili. Mfano mmoja ni vazi la kuogelea lenye vipande vya povu vilivyoshonewa kifuani na mgongoni. Kwa upande mmoja ni nguo, na nguo za kuogelea zina vifungu vyake katika Sura ya 61 na 62. Kwa upande mwingine, ni povu linalomfanya mzazi alinunue.

Maelezo ya Sura ya 95 yanayaondoa humo mavazi ya spoti ya nguo, hata yakiwa na kinga ndogo ndogo kama vile pedi. Swali basi ni kama povu hilo ni nyongeza tu au ndilo sifa kuu ya kifaa. Vazi ambalo povu lake hutolewa kidogo kidogo kadiri mtoto anavyoendelea kujifunza lina hoja yenye nguvu zaidi ya kuwekwa miongoni mwa vifaa vya mafunzo kuliko vazi la kawaida lenye kipande kimoja kidogo cha povu.

Mfano wa pili ni tyubu yenye matundu ya kupitishia miguu ya mtoto mchanga. Muuzaji huweza kuieleza kama kiti cha kujifunzia, ilhali picha kwenye boksi inaonyesha kichezeo chenye usukani na honi. Katika hali kama hiyo maelezo ya mtengenezaji, maonyo na umbo lenyewe huzingatiwa kwa pamoja.

Mfano wa tatu ni wa kienyeji zaidi. Watoto wengi wa Afrika Mashariki, hasa kando ya maziwa na mito, wamejifunza kuogelea kwa kutumia tyubu ya ndani ya gurudumu la lori. Tyubu hiyo ina kifungu chake, 40.13, na matumizi ya mtoto hayabadilishi chochote. Forodha huiainisha bidhaa kwa hali iliyo nayo inapoingia nchini na kwa matumizi iliyobuniwa, si kwa jambo ambalo mnunuzi mmoja ataamua kulifanya nayo.

Vitu vingine vinavyoandamana na kuogelea navyo hutawanyika. Miwani ya kuogelea huenda kifungu 90.04 pamoja na miwani mingine ya kinga. Kofia ya kuogelea ya mpira au plastiki huenda 6506.91. Vidimbwi vyenyewe, hata kile kidogo cha kujazwa hewa cha watoto wachanga, vimetajwa kwa jina katika kifungu 95.06. Hivyo kidimbwi cha plastiki na bata wa plastiki anayeelea ndani yake huenda kwenye vifungu tofauti.

Vitu hivyo vikija pamoja katika boksi moja lililofungwa kwa ajili ya kuuzwa rejareja, kanuni ya tatu huruhusu viainishwe kama seti kwa kufuata kile kinachoipa seti sifa yake kuu. Vikija mchanganyiko ndani ya katoni kubwa kwa ajili ya kugawanywa dukani, kila kimoja hutangazwa peke yake.

Tofauti ya shilingi

Mfano wa hesabu huonyesha kwa nini waagizaji hubishana kuhusu namba. Tuseme shehena ina thamani ya forodha ya Sh100,000, yaani bei pamoja na bima na gharama ya kusafirisha kwa meli hadi bandarini.

Kwa kiwango cha asilimia 25, ushuru wa forodha ni Sh25,000. Kisha VAT ya asilimia 16 hutozwa kwa jumla ya thamani na ushuru, yaani Sh125,000, nayo huwa Sh20,000. Jumla ni Sh45,000. Kwa kiwango cha asilimia 10, ushuru ni Sh10,000 na VAT ni Sh17,600, jumla Sh27,600. Bidhaa isiyotozwa ushuru wa forodha ingelipiwa VAT ya Sh16,000 pekee.

Juu ya hizo huja ada ya tangazo la uagizaji na tozo ya ujenzi wa reli iliyoanzishwa mwaka wa 2013. Hizo mbili hukadiriwa kwa thamani ya forodha, kwa hiyo hazibadiliki kwa sababu tu kifungu kimebadilika.

Kiwango halisi cha kila namba husomwa katika jedwali la ushuru wa pamoja na katika Gazeti la Jumuiya la mwaka husika, kwa kuwa nchi wanachama huweza kuruhusiwa kutoza viwango tofauti kwa muda. Hata pale ambapo namba mbili zina kiwango kimoja, kosa la namba bado lina gharama: mzigo huweza kuzuiliwa kwa ukaguzi huku ada za kuhifadhi zikiongezeka.

Mizozo ya namna hii imefika mahakamani mahali pengi. Nchini Marekani mwaka wa 2003, Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliyoko New York iliamua kesi ya kampuni ya Toy Biz iliyohusu sanamu ndogo za wahusika wa X-Men. Wanasesere wa umbo la binadamu walikuwa wakitozwa asilimia 12, na vichezeo vingine asilimia 6.8. Mahakama ilikubaliana na kampuni kwamba sanamu hizo hazikuwa za binadamu.

Nchini Kenya, mwaka wa 2007 Mahakama Kuu iliamua kesi kati ya kampuni ya Keroche Industries ya Naivasha na KRA. Mzozo ulihusu kuhamishwa kwa mvinyo wa kampuni hiyo kutoka kifungu 22.04 hadi 22.06, hatua iliyozaa madai makubwa ya kodi. Jaji Joseph Nyamu aliipa kampuni hiyo ushindi na kusisitiza kwamba sheria ya kodi haina budi kuwa wazi. Masuala ya kodi ya kampuni hiyo yaliendelea kubishaniwa katika miaka iliyofuata, lakini uamuzi huo ulionyesha jinsi tofauti ya tarakimu mbili inavyoweza kuamua hatima ya biashara.

Njia za kuepuka mzozo

Mwagizaji asiye na uhakika si lazima asubiri mzigo ufike. Kifungu cha 248A cha sheria ya forodha ya jumuiya humruhusu kuomba uamuzi wa mapema kuhusu uainishaji, asili ya bidhaa au thamani yake. Maombi hufanywa kwa maandishi, yakiambatana na maelezo kamili ya bidhaa, picha na inapowezekana sampuli. Utaratibu huo umo pia katika Mkataba wa Kurahisisha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ambao Kenya iliuridhia Desemba 2015 na ambao ulianza kutumika Februari 22, 2017.

Ankara yenye neno moja tu, kama vile «vichezeo» au «maboya», humwachia ofisa kazi ya kukisia. Ankara bora hutaja kifaa, kitu kilichotumiwa kukitengenezea, umri au uzito wa mtoto anayekusudiwa, matumizi yake na kiwango cha ubora kinachodaiwa. Mwenye duka wa Spring Valley anayeagiza katoni 3 za bidhaa tofauti hupata afueni akimtaka muuzaji wake azitenganishe mstari kwa mstari tangu mwanzo.

Asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kumwomba kamishna aupitie upya chini ya kifungu cha 229. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu katika muda huo huhesabiwa kuwa amekubali ombi. Jibu lisiporidhisha, mwagizaji ana siku 45 za kukata rufaa kwa Jopo la Rufaa za Kodi, na kutoka hapo huweza kwenda Mahakama Kuu.

Anayetangaza namba ya uongo kwa makusudi anakabiliwa na adhabu kali zaidi. Kifungu cha 203 kinaweka kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Ushuru uliopungua kutozwa nao huweza kudaiwa hadi miaka 5 baadaye, na pale ambapo kuna ulaghai hata mpaka huo hautumiki. Nyaraka za uagizaji hutakiwa kuhifadhiwa kwa muda huo huo wa miaka 5. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Namba si cheti cha usalama

Kulipa ushuru sawasawa hakumaanishi kwamba kifaa ni salama. Ubora hukaguliwa na Shirika la Viwango, KEBS, ambalo tangu mwaka wa 2005 limekuwa na mpango wa kuhakikisha bidhaa zinakaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kusafirishwa na kupewa cheti cha ulinganifu.

Katika viwango vya kimataifa, makundi matatu ya forodha yana karibu ndugu zake. Kiwango cha Ulaya EN 71 ni cha vichezeo. EN 13138 ni cha vifaa vya kuelea vya kujifunzia kuogelea, kikiwa na sehemu 3: vya kuvaliwa, vya kushikwa na viti vya kuelea. ISO 12402 ni cha vifaa vya kumweka mtu juu ya maji, yakiwemo majaketi ya kuokolea maisha, na hupima uwezo wa kuelea kwa nyutoni. Mzazi anayeziona namba hizo kwenye lebo anaweza kujua mtengenezaji mwenyewe alikikusudia kifaa kwa kazi gani.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu za Shirika la Afya Duniani. Ripoti yake ya Desemba 2024 ilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za mapato ya chini na ya wastani. Mnamo Aprili 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitenga Julai 25 kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Majini Duniani.

Kuna vifaa ambavyo wataalamu wamevionya waziwazi. Juni 2022, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwatahadharisha wazazi dhidi ya kuwatumilia watoto wachanga tyubu za kuvalishwa shingoni kama tiba ya majini, baada ya kifo cha mtoto mmoja na kulazwa hospitalini kwa mwingine. Vifaa vya aina hiyo huuzwa kwa urahisi kupitia mtandao, na pakiti yake huweza kuvutia kuliko ya jaketi la kawaida la kuokolea maisha.

Tyubu ya kuchezea huweza kupinduka au kutoboka, na mtoto akateleza kupitia katikati. Mifuko ya mikononi huweza kuvuka. Hata jaketi la kuokolea maisha lisilolingana na uzito wa mtoto huweza kupanda hadi usoni. Kwa hiyo hakuna kimojawapo kinachochukua nafasi ya mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono, wala ya ua na lango lenye kufuli kuzunguka kidimbwi.

Mnunuzi wa Spring Valley, awe mwenye duka au mzazi, anaweza basi kuanza na hatua moja kabla ya kulipia bidhaa: asome onyo lililoandikwa kwenye kifaa. Likisema ni cha kuchezea katika maji mafupi, kitangazwe hivyo forodhani na kitumiwe hivyo kidimbwini. Likisema ni cha kujifunzia, kiendane na mwalimu au mzazi aliye majini. Na kama ni kiokozi, uzito wa mtoto ulioandikwa kwenye lebo ulinganishwe na uzito wa mtoto atakayekivaa.